Jina la Nane

Siku ya tatu baada ya kujifungua, saa nne asubuhi, mtu aliniita kutoka nje ya ua, nikaitika.

"Laurence we!"

"Karame!" nilijibu, kama anavyojibu huku kwetu Rwanda kila mtu aliyefunzwa adabu akisikia jina lake. Nilikuwa naanika nepi. Niliiacha moja ikining'inia kwa kibanio kimoja, nikazunguka ua wa minyaa, nikatoka njiani. Hakukuwa na mtu. Kutoka mlangoni kwetu njia inateremka wazi kati ya mihogo mpaka barabara ya Mururu. Hata kuku akipita unamwona.

Sauti ilikuwa ya mtoto wa kike. Nikasema ni watoto wa jirani yangu Jolie wananichezea. Nikarudi kuanika.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kichanga changu mikononi.

"Nani anakuita?"

"Batoto."

"Batoto gani? Ba Jolie wako ku masomo."

"Basi wengine."

"Na umeitika?"

"Nimeitwa, Maman, nimeitika."

"Mara ngapi nakuambiaka, usiitikie muntu kama haujaona sura yake?"

Alikuwa ameniambia hivyo tangu utoto wangu. Mimi nilidhani ni adabu tu, kama kutopiga mluzi ndani ya nyumba. Nilimchukua mtoto nikamnyonyesha. Sikuwa na muda wa mambo hayo. Nilikuwa na mshono, nilikuwa na nepi ishirini, na watoto wangu wawili wakubwa walikuwa wamepelekwa kwa shangazi yao kule Gashonga mpaka nipate nguvu.

Kesho yake, saa nne tena, sauti ileile. Safari hii sikuitika. Nilitoka moja kwa moja. Njia ilikuwa tupu, na vumbi halikuwa na alama ya mguu.

Nafanya kazi katika maabara ya kituo cha afya. Nina diploma, na nina miaka tisa ya kupima damu, makohozi na mikojo ya watu wa sekta hii, yaani kata yetu. Siamini mambo ya kuambiwa. Nikajiambia ni uchovu. Mwanamke aliyejifungua akilala saa tatu kwa siku husikia mengi. Siku ya tano na ya sita niliwasha redio asubuhi nzima. Sauti ilikuja katikati ya matangazo, haikupandishwa wala kushushwa, kama mtu anayejua kwamba yuko mahali pake na kwamba mwenye nyumba atatoka tu.

* * *

Jambo lililonikalia moyoni wiki hiyo lilikuwa jina la mtoto. Nilitaka jina ambalo hajawahi kuwa nalo mtu yeyote wa kwetu, hai au marehemu. Hii ni akili ya kazini. Kichupa kimoja, jina moja. Ukikuta kichupa kina damu ya mtu mmoja na jina la mtu mwingine, hukisii, huulizi kinafanana na cha nani. Unakitupa na kuanza upya. Nimewahi kuona mtu akipewa dawa za ugonjwa wa jirani yake kwa sababu hiyo.

Mume wangu, Cassien, anayeendesha pikipiki ya abiria kati ya Mururu na Nzahaha, alikuwa na jina tayari. Umuhire. Maana yake mwenye heri.

"Uzazi wenyewe ulivyokuwa mgumu, na wote wawili mko wazima," alisema. "Nimwite nini kingine?"

Nilipenda. Nilimwuliza Mama kama kuna Umuhire upande wetu au upande wa Papa, marehemu baba yangu. Akasema hakuna. Alisema hivyo huku akichagua maharage, na hakuinua macho.

Jolie alipita jioni ya siku ya saba, ametoka Bukavu na ndoo yake ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, kichwani. Anavuka mpaka kila siku ya Mungu, na kila siku ana la kusema.

"Kwetu kutafuta jina haingekuwa kazi," alisema, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Kwetu nyumbani, mzee akienda, jina lake linarudia mujukuu. Mukengere wangu anaitwa jina ya babu yake. Hivi hata akiniibia sukari, siwezi kumupiga vizuri. Naona niko napiga baba mukwe."

"Kwetu kila mtoto ana lake," nikamwambia. "Jina ni neno la siku uliyozaliwa. Kama kulikuwa na njaa, linasema njaa. Kama baba yako aligombana na jirani, jirani ataitiwa ugomvi huo kila siku mpaka afe."

Cassien akacheka. "Mimi langu halisemi kitu. Padri alifungua kalenda, akakuta mtakatifu wa siku ile, basi. Hata yeye padri sidhani alimjua."

"Miye mama aliniita Jolie," Jolie akasema, "ndiyo batu basikie kwanza kama niko muzuri, mbele ya kuniangalia." Akajicheka mwenyewe mpaka kitambaa kikamdondoka. "Na Laurence? Laurence ni nini?"

"Ni mti," nilisema. "Mti wa Ulaya usiopukutisha majani. Padri wa Bukavu ndiye aliyemweleza Mama. Si ndiyo, Maman?"

Mama alikuwa ameshika ungo. "Ndiyo," alisema. "Alisema ule muti haukaukake." Akaingia ndani.

Jolie akamwita kwa nyuma, "Maman Laurence, kesho nakuja mapema!" Mama hakujibu. Watu wote wa mtaa humwita hivyo, kwa jina la kifungua mimba wake, yaani mimi. Na kila mara huchelewa kidogo kugeuka. Miaka yote nimedhani ni masikio.

* * *

Siku ya nane ni siku ya jina. Siku hizi wengi wanafanya tafrija ya Fanta na kupiga picha, lakini Mama alitaka ifanywe kama alivyofanyiwa yeye, na mimi sikuona ubaya. Watoto wa majirani wanaitwa. Wanapewa vijiti kama majembe, wanalima kipande kidogo cha ardhi kando ya nyumba. Mtu mzima anawarushia maji, ndiyo mvua. Wanakimbia kuingia ndani, wananawa, wanakula pamoja kwenye ungo mmoja. Halafu kila mmoja anampa kichanga jina. Yoyote. Jina la kweli hutolewa na baba baadaye, lakini haya ya watoto ni lazima yatangulie.

Tulialika watoto saba. Cassien alikata vijiti saba na kuviweka mlangoni kabla ya kwenda kazini. Niliwagawia mwenyewe, mkono kwa mkono. Watatu walikuwa wa Jolie, akiwemo huyo Mukengere mwizi wa sukari. Watatu walikuwa wa nyumba ya juu. Wa saba alikuwa Uwera, binti wa miaka minne wa mwalimu, mtoto anayesema anachokiona.

Nilikaa kwenye mkeka sebuleni, mtoto mapajani, na daftari pembeni. Nilitaka kuandika majina ili siku moja binti yangu acheke. Mvua ya Jolie ilikuwa nusu beseni. Watoto waliingia wakipiga kelele, wamelowa, wakala maharage na mboga mpaka ungo ukang'aa. Kisha wakapanga mstari.

"Keki," alisema wa kwanza.

"Keki ni jina?" Jolie akamfokea kutoka mlangoni.

"Mmesema yoyote!"

Niliandika Keki. Mukengere akampa jina la timu yake ya mpira. Mmoja akampa jina la mbuzi wao. Tulikuwa tunacheka, hata Mama, aliyesimama nyuma yangu na jagi la maziwa ya kuwagawia. Uwera alikuwa wa mwisho. Alimgusa mtoto paji la uso kwa kidole chenye mafuta.

"Keza," alisema. Mzuri.

"Asante, mama. Nenda kanywe maziwa."

Hakuondoka.

"Na yeye amesema Laurence," alisema.

Watoto wakaangua kicheko. "Ile ni jina ya Maman mwenyewe!"

"Nani amesema?" nilimwuliza.

"Ule mwengine. Tulilima naye. Anasema hawezi kuingia, hakupewa kijiti."

"Mtoto gani, Uwera?"

"Wa nguo ya njano. Hana viatu." Alifikiri kidogo. "Anasema jina ni yake, lakini mutoto anaweza kuchukua kama hakuna jingine."

Nyuma yangu jagi lilianguka. Lilikuwa la bati; halikuvunjika, lakini maziwa yote yalikwenda chini ya mkeka.

Nilimpa Jolie mtoto. Nikatoka, mshono na yote. Kando ya nyumba palikuwa na mifereji midogo iliyolimwa, imepangana kama mistari ya daftari. Nikahesabu. Nikahesabu tena kutoka upande wa pili, kama ninavyofanya nikitazama darubini na kuona kitu nisichokitarajia. Ilikuwa minane. Saba ilikuwa ya vijiti, imepindapinda. Wa nane ulikuwa umenyooka, na haukulimwa kwa kijiti. Ulikuwa umechimbwa kwa vidole. Alama za kucha zilionekana kwenye udongo mbichi.

Mvua ya Jolie ilikuwa imelowesha ile saba. Wa nane ulikuwa mkavu.

* * *

Niliwashukuru watoto, nikawapa mandazi ya njiani, nikawarudisha kwao. Jolie aliniangalia usoni, akaona si wakati wa maswali, akaenda. Nikamkuta Mama chumbani amekaa kitandani kwangu, mikono katikati ya magoti.

"Sema," nikamwambia.

"Nikuambie nini?"

"Maman, mimi si mtoto. Jagi halikuanguka lenyewe."

Mtoto alikuwa amelala. Nje kuku walikuwa wanagombania mabaki ya maharage.

"Ule mutoto wa nguo ya njano," alisema, "ndiyo Laurence."

"Laurence ni mimi."

"Hapana."

Alisema bila kulia, kama mtu anayesoma tangazo. "Nilikuwaka na batoto babiri. Mukamana Laurence, na nyuma yake wewe. Yeye alikuwa na miaka sita. Wewe ine. Ni mwaka wa tisini na sita, vita inaingia Bukavu, baba yako anasema tunarudia kwetu Rwanda. Laurence akashikwa na kuhara damu. Siku tatu tu. Tulimuzika nyuma ya nyumba ya mwenye kutupangisha, katika ile nguo ya njano, juu hakukuwa ingine safi."

Kuhara damu. Leo mtu anapewa vidonge na kurudi nyumbani. Nilisikia akili yangu ikisema hivyo, baridi kabisa, kwa sababu haikutaka kusema kingine.

"Siku tano nyuma ya ile tukafika ku mpaka. Batu wengi, musururu mpaka huku juu. Wakawa banasema, mutoto asiye na karata ya ubatizo hapiti, anabakia. Wewe haukuwa umebatizwa. Nilikuwa na karata moja tu. Ya Laurence."

"Ukampa askari."

"Akasoma: Mukamana Laurence. Akaangalia chini. Nikakufinya huku," alijigusa nyuma ya mkono, "nikakuambia, sema karame. Ukasema karame."

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa.

"Na unajua nini?" Mama alisema. "Nyuma yetu kulikuwa mwanamke mwenye batoto bane. Hana karata hata moja. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alipita vile tu, anabeba sufuria."

Akaendelea. Katika kambi ya waliorudi niliandikwa kwa karata ile. Shuleni kwa karata ile. Papa alisema watarekebisha wakipata nyumba, wakapata nyumba, akasema wakipata shamba, halafu akafa. Na kila mwaka jina lilizidi kunishika.

Mambo ya maisha yangu yalianza kujipanga yenyewe. Nilikuwa mdogo kuliko wote darasani kila mwaka. Meno yangu ya utoto yalianza kung'oka mtu mwingine akiwa ameshasahau yake. Kitambulisho changu kinasema nina miaka thelathini na mitano. Nina thelathini na mitatu. Diploma ukutani, cheti cha ndoa, kadi ya kazi: vyote vya msichana wa miaka sita aliyelala nyuma ya nyumba ya watu, ng'ambo ya mto.

Mimi ni kile kichupa.

"Mlimwombolezea?" niliuliza. "Mlifanya matanga?"

"Namna gani? Nikianza kulia, batu bataniuliza nani amekufa. Nitasema Laurence? Na Laurence huyu hapa, anakula ugali." Aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Siwezi kulilia muntu mwenye jina yake inaniambia 'Maman, niko na njaa' kila jioni. Nilimeza. Alianza kuita ile mwaka tulifika; mpaka juzi, miye tu nilikuwa nasikia. Asubuhi, saa ine, saa ile alikufa. Nilikukataza kuitikia juu nilijua haiko wewe anaita."

"Anamwita nani?"

"Anajiita mwenyewe. Anangoja aone nani anaitika."

Siku ya tatu niliitika, kwa sauti kubwa, kwa furaha.

* * *

"Tumuite mutoto Laurence," Mama alisema. "Hivi itaisha. Umesikia Uwera: anakubali kama hakuna jingine. Jina itarudia mu nyumba kwa njia ya haki. Jolie si amesema, kwao banafanyaka vile?"

"Kwao wanampa mtoto jina la mzee aliyeliliwa, aliyezikwa na kuombolezwa. Si jina la mtu anayezungukazunguka nje akilitafuta."

"Wewe unajua nini?"

"Najua hili. Umeshamvisha mtoto mmoja nguo ya yule. Wa pili humvishi."

"Laurence..."

"Na usiniite hivyo sasa hivi!"

Mtoto aliamka akalia. Nilimchukua. Nilimtazama binti yangu, siku nane duniani, hana hata herufi moja. Jioni baba yake angefika na kumpa jina, na nje kulikuwa na mtu aliyekuwa tayari kumpa lake. Nikaelewa kwamba kazi ya siku hiyo haikuwa kuchagua jina zuri. Kazi ilikuwa kuhakikisha kwamba analoitwa binti yangu, hakuna mwingine wa kuliitikia.

"Mimi niliitwaje?" nikauliza.

Mama hakuelewa.

"Siku ya nane yangu mimi. Papa aliniitaje?"

Midomo yake ilicheza kwanza bila sauti. Miaka ishirini na tisa hakuwa amelitamka.

"Uwimbabazi," alisema. Wa huruma. "Alisema Mungu ametuhurumia, ametupa wa pili."

Nilingoja nisikie kitu ndani yangu kikigeuka. Hakikugeuka. Lilikuwa jina la mwanamke fulani. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Cassien alifika saa kumi na moja, kreti ya Fanta imefungwa nyuma ya pikipiki. Nilimweleza palepale uani, kwa ufupi, kama ninavyotoa majibu ya vipimo. Alivua kofia yake ya pikipiki, akaishika tumboni.

"Kwa hiyo nimeoa mke mdogo kwa miaka miwili kuliko nilivyoambiwa," alisema hatimaye.

"Cassien."

"Najua. Nimekosa la kusema, ndiyo nimesema hilo." Aliutazama ule mfereji wa nane. "Unataka tufanye nini?"

"Kwanza yule, halafu huyu. Siwezi kumpa mtoto jina juu ya mtu ambaye hajazikwa."

Nilitengeneza sahani. Maharage, mboga, ugali kidogo, maziwa yaliyobaki kwenye kikombe. Cassien alichonga kijiti cha nane. Niliviweka vyote kwenye ncha ya ule mfereji wa vidole. Kisha nikamshika Mama mkono nikamtoa nje. Alikuwa mwepesi, kama khanga.

"Mwite," nikamwambia.

"Siwezi."

"Umeniita mimi kwa jina lake miaka yote. Leo mwite mwenyewe."

Jua lilikuwa bado juu ya vilima vya ng'ambo. Mama alijifunga kitenge upya. Aliita kwa sauti niliyoijua, ile ya kuniita nitoke mtoni, nije kula, niache kucheza.

"Laurence we!"

Kwa mazoea mdomo wangu ulifunguka. Niliufunga kwa kiganja.

"Karame!"

Ilitoka nyuma ya minyaa, karibu sana, ndogo, na ilikuwa na furaha. Cassien alinishika bega. Kwa hiyo si mimi tu niliyesikia. Mtoto mikononi mwangu aligeuza kichwa upande ule.

Mama alipiga magoti kwenye udongo.

"Mutoto wangu," alisema, "ulikufa. Ulikufa siku ya ine ya wiki, saa ine asubuhi, mikononi mwangu. Sikukulilia. Nilimupa mudogo wako karata yako ili asibakie. Yeye hakuiba, ni miye. Jina ni yako. Uende nayo."

Halafu akalia. Sijawahi kusikia sauti ile ikitoka kwa mama yangu, hata Papa alipokufa. Ilikuwa imekaa miaka ishirini na tisa na ilitoka yote kwa mara moja, na ilishuka bondeni.

Jolie ndiye aliyefika wa kwanza, mbio, kiatu kimoja mguuni. Nyuma yake wanawake wa nyumba ya juu, na mke wa mwalimu. Walikuja kwenye jina wakakuta kilio.

"Yesu! Nani amekufa? Mutoto?"

"Mtoto yuko hapa," nilisema.

Jolie alipiga magoti kando ya Mama, akamshika mabega. "Maman Laurence, nani amekufa?"

"Mutoto wangu wa kwanza," Mama alisema.

Jolie alinyanyua kichwa akanitazama, mimi niliyesimama pale na kichanga mikononi. Wote walinitazama. Nilijua ninachoweza kupoteza. Neno kama hilo likipanda mlima linafika kazini kabla yangu.

"Laurence?" Jolie aliuliza polepole.

"Ndiyo," nilisema. "Laurence amekufa."

Hakuniuliza tena. Alivua kiatu kilichobaki, akakaa chini mavumbini karibu na Mama, akaanza kulia naye, kwa namna ya kwao Bukavu, kwa sauti ya juu na ya haki. Wengine walimwiga mmoja mmoja. Walilia bila kujua wanamlilia nani hasa, na nadhani kila mmoja alikuwa na wake.

Saa moja baadaye, macho yakiwa mekundu, tulikunywa zile Fanta. Cassien alimnyanyua mtoto akasema: "Unaitwa Umuhire." Alisema mara moja. Tulikaa kimya, tukisikiliza nje. Hakuna aliyeitika.

Asubuhi sahani ilikuwa kama nilivyoiacha. Hata sisimizi hawakuigusa. Kijiti hakikuwepo.

* * *

Sauti haijaita tena. Mama sasa wanamwita Marguerite, jina lake la ubatizo, kwa ombi lake mwenyewe, na anageuka papo hapo. Wakati mwingine, tukiwa wawili, ananiita Uwimbabazi. Namjibu, lakini najibu kama mtu anayejaribu kiatu dukani.

Karatasi sijazibadilisha. Niliuliza, bila kutaja ni za nani. Ni mashahidi, ni mahakama, na mashahidi wangu karibu wote wamekufa. Nina watoto watatu na kazi. Kanuni ya maabara naijua vizuri, na nimewafundisha wengine: kichupa chenye jina lisilo lake hutupwa. Mimi siwezi kujitupa.

Jolie hakutangaza kitu. Siku moja tu, akipima sambaza, aliniambia amepita ile mitaa ya Bukavu aliyotajiwa na Mama. Nyuma ya nyumba ile sasa kuna karakana ya pikipiki. Alimwomba fundi amruhusu kumwaga maji kidogo sakafuni. Fundi alidhani ni wazimu, akamruhusu.

Niliporudi kazini nilikwenda kwanza kwa Valens, mwenzetu anayeandika watoto kwenye kompyuta.

"Jina la mtoto?"

"Umuhire."

"Jina la mama?"

Vidole vyake vilikuwa juu ya herufi. Nje kulikuwa na watoto wa chanjo, wengi, wanaitana. Mmoja alikuwa na nguo ya njano; kila siku kuna mmoja.

"Mukamana Laurence," nilisema. Akaandika.

Sasa ndivyo ninavyoishi. Mlango wa maabara ukifunguka na mtu akiita, "Laurence, majibu tayari?", wenzangu wanadhani nimekuwa na kiburi, au masikio yangu yameanza kuharibika mapema kama ya mama yangu. Sina kiburi, na masikio yangu ni mazima. Nangoja kidogo. Nikiona hakuna mwingine aliyeitika, naitika.